Orodha Isikae Kwenye Simu Moja



Wiki hii viwavijeshi na mbolea vipumzike kidogo. Nataka niwaeleze kosa langu mwenyewe, halafu niwape maoni yangu juu ya jambo ambalo naona sisi wa mashambani tunalichelewesha bila sababu ya msingi.

Aprili 2024, mto Rufiji ulipovunja kingo, nilikuwa kwenye kata moja ya bondeni. Mashamba ya mpunga, mahindi, nyumba, njia, vyote vikawa maji. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kijiji aliniomba nimsaidie kuandikisha kaya zilizokumbwa, maana nawajua watu shamba kwa shamba. Nikazunguka na mtumbwi, naandika kwenye simu: jina la mkuu wa kaya, kitongoji, wako wangapi, kuna mjamzito, kuna mzee, nani anatumia dawa, wamepoteza nini. Kazi ya siku mbili nzima. Siku ya tatu jioni simu ikaniteleza mkononi, ikazama.

Nakala? Hakuna. Nilikuwa nasubiri mtandao urudi ndiyo niitume. Mnara wa simu ulikuwa umezima tangu siku ya pili.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Msaada ulipofika, wagawaji wakaanza kuandika upya kwa kuuliza waliokuwepo pale. Waliokuwepo ni wa kitongoji cha karibu na barabara. Wapo waliopata unga na blanketi mara mbili, tena siyo kwa wizi. Vikundi viwili vya msaada vilikuja siku tofauti na kila kimoja kilikuwa na daftari lake. Kitongoji cha ng'ambo, ambacho ndicho kilinichukulia muda mrefu zaidi kwenye mtumbwi, kilikaa siku nne bila kuguswa. Kuna bibi mmoja wa huko nilimwandika kabisa kwamba dawa zake za presha zimekwenda na maji. Tulipokuja kukutana akaniuliza, "Bwana shamba, si uliniandika wewe mwenyewe?" Nilikosa la kumjibu. Mpaka leo sina.

Na kuna la pili. Kilomita chache kutoka pale, kwenye mwinuko, kijana mmoja mkulima alikuwa na magunia ya mahindi na mchele stoo, ana pawatila na tela lake. Siku zile zile malori yanahangaika na barabara kuleta unga kutoka mbali, yeye anauza mahindi kwa dalali kwa bei ya kutupwa kwa kuhofia yataloa. Hakuna aliyejua anacho. Na yeye hakujua kwamba ng'ambo watu wana njaa. Alidhani msaada umeshafika.

Nimelitafakari sana jambo hili. Mafuriko yalituumiza, ndiyo, lakini tuliumizwa pia na namna tulivyojipanga. Kila kitu muhimu kilikuwa kimoja tu: simu moja, mnara mmoja, daftari moja, barabara moja. Kikianguka hicho kimoja, basi. Maoni yangu ni haya: mawasiliano na ugawaji wa misaada wakati wa maafa vinahitaji teknolojia iliyogatuliwa, na watu wa kuishika ni ninyi wakulima vijana, tena muanze kabla mvua haijanyesha.

Kugatua maana yake nini?

Msiogope neno. Mliopo kwenye VICOBA mnalijua jambo hili kuliko wataalamu wengi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Hakuna anayefungua peke yake. Kila kikao salio linasomwa kwa sauti, wanachama wote wanalisikia na kulikariri. Mwekahazina akija wiki ijayo na salio lingine, watu ishirini wanamwambia hapo hapo, "Siyo hilo." Kumbukumbu haiko kwa mtu mmoja, iko kwa wote. Huko ndiko kugatua.

Blokucheni, ambayo mnaisikia kila kukicha, ni wazo hilo hilo likiwekwa kwenye kompyuta. Ni daftari ambalo nakala yake inakaa sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Kila ukurasa mpya unabeba alama inayotokana na ukurasa uliotangulia, kwa hiyo mtu akifuta au akibadilisha mstari wa nyuma kwenye nakala yake, alama hazilingani tena na za wenzake na anajulikana. Kompyuta moja ikizama, daftari halijazama.

Mtandao wa kupokezana nao ni vilevile. Badala ya kila simu kutegemea mnara mmoja, kifaa kinampa ujumbe jirani yake, jirani anampa anayefuata, mpaka unafika. Akikosekana mmoja katikati, ujumbe unapita kwa mwingine.

Ujumbe kwanza, maana bila taarifa hakuna msaada

Mei 2024 ilitupa somo ambalo naona tumelisahau haraka mno. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4 Mei. Mvua yake ikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara sehemu kadhaa huko Kilwa. Watu na mizigo vikakwama. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikadorora nchi nzima na kwa majirani pia. Jamani, barabara na intaneti ndani ya wiki mbili! Mambo haya mawili hayakuhusiana, lakini fikiria yangetokea siku moja, na orodha yako ya waathirika iko kwenye seva ya mbali inayohitaji intaneti ili uifungue.

Wenzetu walishapita huko. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizima. Watu wa kujitolea wakapeleka vifaa vidogo vya goTenna, vinavyounganishwa na simu na kupokezana ujumbe mfupi bila mnara. Havikurudisha simu za kisiwa kizima, tusidanganyane, lakini mahali vilipofungwa watu waliweza tena kuulizana hali na mahitaji.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Red Hook, mtaa mmoja wa New York. Kabla ya kimbunga Sandy cha Oktoba 2012, taasisi ya mtaani pale ilikuwa imeshaanza kufunga mtandao wake wa kupokezana juu ya mapaa. Kimbunga kilipokuja, mtandao ule ukaendelea kuwasaidia watu wakati huduma za kawaida zimelala, na wakala wa maafa wa serikali ya Marekani ukaja kuunganisha hapo hapo intaneti yake ya setilaiti. Waliofundishwa kuupanua na kuutunza ni vijana wa mtaa ule ule. Mnaona? Mtandao ulikuwepo kabla ya kimbunga. Siku ya mafuriko hakuna mtu mwenye muda wa kujifunza kifaa kipya.

Kwa huku kwetu, kinachoweza kufaa ni vifaa vya LoRa vinavyotumia programu huria ya Meshtastic. Kimoja kinakaa kiganjani, kinaunganishwa na simu janja kwa blutuuthi, kinakula umeme kidogo mno na kinaweza kuendeshwa na betri ndogo na kipande cha sola. Kwenye uwazi ujumbe unaruka kilomita kadhaa, na vikiwa vingi vinapokezana. Kasoro zake nazo mzijue. Hakipeleki sauti wala picha. Ujumbe mmoja ni kama herufi 200 tu. Miti minene na vilima vinapunguza umbali. Nje ya nchi kimoja kinauzwa kati ya dola 20 na 50 hivi, kabla ya usafiri na ushuru.

Herufi 200 zinatosha kusema, "Kitongoji cha ng'ambo kaya 14, wazee 3, dawa za presha, maji ya kunywa hakuna." Huhitaji picha hapo.

Na urefu ndio kila kitu kwa vifaa hivi. Wakulima wa Rufiji tuna madungu mashambani, yale tunayolalia juu kulinda mazao dhidi ya ngedere na nguruwe. Dungu imara lenye mlingoti, sola ndogo na kifaa kimoja kilichofungwa vizuri kisiloe ni kituo tayari. Angalizo moja: masafa ya redio yana sheria. Kabla hujanunua kitu, iwe LoRa au simu za upepo, wasiliana na TCRA ujue kinachoruhusiwa na kinachohitaji leseni. Msije mkanunua kwa pupa kisha mkanyang'anywa.

Orodha ya watu: nakala nyingi, wenye kuishika wengi

Hapa ndipo blokucheni inapotajwa zaidi, na hapa ndipo ninapotaka muwe na macho makali.

Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kutumia mfumo uitwao Building Blocks kwa wakimbizi wa Syria kwenye kambi ya Azraq, Jordan. Mkimbizi anakwenda duka la kambini, anachukua mahitaji, anatazama kwenye kamera inayosoma mboni ya jicho, malipo yanaandikwa kwenye daftari la blokucheni. Hana haja ya akaunti ya benki, na shirika likaokoa sehemu kubwa ya ada ambazo benki zilikuwa zinakata. Baadaye mfumo huo ulitumika Ukraine ili mashirika mbalimbali yaone kama familia moja inapata msaada ule ule mara mbili. Hilo la pili ndilo lililotuuma sisi Rufiji. Vikundi viwili, madaftari mawili, hakuna anayejua mwenzake kafanya nini.

Lakini upande wa pili wa shilingi ni huu. Mwanzoni daftari lile la Jordan lilikuwa chini ya WFP peke yake. Wakosoaji wakauliza swali la haki kabisa: kama mshikaji ni mmoja, kuna tofauti gani na kanzidata ya kawaida? Nakubaliana nao. Daftari la pamoja linaloshikwa na mtu mmoja ni daftari la kawaida lenye jina kubwa. Nguvu ya kugatua inakuja pale kijiji kina nakala, kata ina nakala, AMCOS ina nakala, zahanati ina nakala, na hakuna anayeweza kufuta kitongoji cha ng'ambo bila wengine kuona.

La tatu ni la ukweli. Blokucheni haijui kama ulichoandika ni kweli. Ukiingiza kaya hewa, itakutunzia kaya hewa vizuri sana, tena milele. Anayejua kama fulani ana watoto wanne au saba ni jirani yake. Kwa hiyo orodha lazima isomwe mbele za watu, kama salio la VICOBA linavyosomwa.

Ila isomwe kwa busara. Majina na idadi ya kaya, sawa. Nani anatumia dawa gani, nani mjamzito, nani anaishi peke yake, hayo siyo ya kubandika ukutani wala kurusha kwenye kundi la WhatsApp. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Aliyepoteza nyumba bado ana haki ya siri zake.

Chakula na mbegu: anza na kilichopo karibu

Msaada kwa mazoea unatoka mjini kuja kijijini. Lori linapakia unga, maharage na mafuta, linasafiri mamia ya kilomita, linafika barabara imekatika. Wakati huo kata ya jirani ina ghala limejaa.

Sisemi misaada ya mbali isije. Kuna mahali maji yanafagia kila kitu na hakuna cha kununua karibu. Ninachosema ni kwamba kabla lori halijaondoka, mtu awe na jibu la swali hili: nani ana nini, yuko wapi, na anaweza kukifikisha kwa chombo gani? Jibu hilo likiwepo, mkulima wa mwinuko anauza mahindi yake kwa bei ya haki, wenye njaa wanakula siku ya pili badala ya siku ya nne, na hela inabaki kwenye kata ile ile iliyopigwa na maafa.

Majirani zetu Wakenya wana mfano wa vocha. Shirika la Grassroots Economics lilikuwa na Bangla-Pesa huko Mombasa mwaka 2013, baadaye likaja na Sarafu inayoandikwa kwenye blokucheni. Vikundi vya watu vinatoa vocha zinazosimama juu ya bidhaa na kazi za wanachama wenyewe: mboga, mahindi, siku ya kulima, ufundi. Mtu anatumia simu ya kawaida ya tochi, kwa kupiga namba fupi kama tunavyotuma pesa. Corona ilipokuja mwaka 2020 na biashara kufungwa, Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishirikiana nao. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 mfumo ulikuwa na watumiaji takriban 40,000. Shilingi zilipokauka, watu waliendelea kupeana chakula na kazi, na kila kitu kikiandikwa. Kwetu tungeuita ujima wenye kumbukumbu.

Onyo lipo hapa pia. Waanzilishi wa Bangla-Pesa walikamatwa kule mwanzoni kwa tuhuma zinazohusu fedha bandia, kesi ikaja kufutwa. Kwa hiyo nyie msianze kutengeneza "pesa ya kikundi" bila kuzungumza na mamlaka. Anzeni na kitu kisicho na utata: hati ya gunia kwa gunia, au makubaliano ya maandishi kwamba kikundi kikimtaka mwanachama atoe magunia 10 wakati wa dharura, atalipwa bei fulani kwa muda fulani. Mnaouza kwa stakabadhi ghalani mnajua karatasi inavyoweza kusimama badala ya mzigo.

Halafu kuna mbegu. Hapa nasema kama bwana shamba na nitarudia mpaka mnichoke. Maji yakianza kuvuta bondeni, ardhi inabaki na unyevu, ndiyo tunapanda mlau. Mahindi ya muda mfupi, kunde, maboga. Dirisha lile ni fupi. Mbegu ikichelewa wiki mbili tatu, unyevu umekwenda, na familia iliyopokea unga mwezi wa tano itaomba unga tena mwezi wa kumi. Mwaka ule nimeona watu wana unga wa msaada lakini shamba lenye unyevu mzuri limelala kwa kukosa kilo tano za mbegu. Orodha yetu ya maafa ilikuwa na safu ya blanketi. Safu ya mbegu haikuwepo, na mwenye kuitengeneza orodha nilikuwa mimi, afisa ugani. Kosa langu la pili hilo.

Kwa nini ninyi?

Mtaniuliza, bwana shamba, si kuna kamati za maafa? Zipo, kuanzia kijiji hadi taifa, na kazi hii haifanyiki bila wao. Siwaambii mjitenge. Lakini tazameni mlivyo navyo. Mna simu janja na mnajua kuzitumia. Mna sola za pampu. Mna bodaboda, guta, pawatila, wengine kirikuu. Mna stoo. Mna rekodi za mavuno, maana benki iliwalazimisha muwe nazo mlipoomba mkopo. Hizo ndizo nukta za mtandao uliogatuliwa. Serikali ikitaka kuzijenga upya kijiji kwa kijiji itachukua miaka, na kumbe zimeshasimama shambani kwenu.

Na hamfanyi hisani tu. Mkulima wa biashara ndiye anayepoteza mtaji mkubwa mafuriko yakija. Wateja wako ni hao hao majirani. Vibarua wako ni hao hao wa kitongoji cha ng'ambo. Wakiondoka kwa njaa, msimu ujao utavuna na nani?

Mnayonipinga

Nilipoligusia jambo hili kwenye mafunzo ya msimu uliopita, nilipata hoja tatu nzuri.

Mmoja alisema, "Hizi ni habari za wazungu, sisi hata chaji hatuna." Nakubali nusu. Ndiyo maana siwaambii muanze na blokucheni. Daftari la karatasi lenye nakala nne kwa watu wanne wa vitongoji vinne tayari limegatuliwa. Lingekuwepo lile, bibi yule angepata dawa. Wazo lije kwanza, kifaa kifuate.

Mwingine alisema vifaa vitaibwa au vitaharibika. Kweli, vingine vitaharibika. Mtandao wa kupokezana unaundwa ukijua hilo. Swali la kujiuliza ni kama vikifa viwili, ujumbe bado unafika. Mnara mmoja ukifa, hatuna kingine.

Wa tatu, binti mmoja anayelima nyanya, alisema jambo zito. "Tukitangaza nani ana magunia mangapi, si tunawaelekeza wezi na madalali?" Hoja hii sikuwa nimeifikiria, na naiheshimu. Jibu langu kwa sasa: idadi kamili isikae wazi. Orodha ya kikundi iseme tu nani anaweza kuchangia au kuuza wakati wa dharura na kwa kiwango cha chini kipi. Magunia mengine ni siri ya mwenye stoo. Kama mna njia bora zaidi, nifundisheni.

Na la nyongeza, mtu akija kijijini na neno blokucheni mdomoni akitaka mtoe pesa kwanza ili "mjiunge na mfumo", mfukuzeni. Huyo ni tapeli kama matapeli wengine.

Tuanzie wapi?

Mkae na vikundi vyenu mwezi huu, wakati jua linawaka, mfanye haya.

Moja, andikeni orodha ya kaya za kila kitongoji, mkishirikiana na mwenyekiti wa kitongoji. Nakala nne. Moja kwa mwenyekiti, moja zahanati, moja kwa kikundi, moja kwa mtu anayeishi mwinuko. Karatasi zifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Za simu ziwe kwenye simu tatu tofauti, zikifunguka bila intaneti. Kila baada ya miezi mitatu zilinganishwe.

Mbili, andikeni nani ana chombo gani: mtumbwi, trekta, tela, sola, tenki la maji, stoo kavu. Safu ya mbegu isikosekane: nani anatunza mbegu za mlau na za aina gani.

Tatu, chagueni wapokezi wa ujumbe, wawili kila kitongoji. Kwa kuanzia ni watu kwa miguu na bodaboda, kila mmoja anajua anampa nani. Kisha simu za upepo au vifaa vya LoRa, mkishapata jibu la TCRA. Vikundi vitano vikichanga, vifaa sita siyo mlima.

Nne, fanyeni zoezi. Zimeni data siku moja nzima, mtume taarifa kutoka kitongoji cha mbali mpaka ofisi ya kata. Mtaona wapi inakwama. Ni afadhali ikwame siku ya zoezi.

Tano, pelekeni yote hayo kwenye kamati ya maafa ya kijiji, yaingie kwenye muhtasari. Kisichoandikwa kwenye muhtasari kitasahauliwa mwenyekiti akibadilika.

Daftari la blokucheni lije baada ya hapo, siku mashirika na halmashauri zitakapokubali kusoma orodha moja. Siku hiyo mtakaa mezani mkiwa na orodha iliyo safi, na mtakuwa na haki ya kudai nakala yenu. Msikubali mfumo wowote ambao kijiji kinaingiza majina lakini hakiwezi kuyaona.

Mimi nimeshaanza na kwangu. Orodha ya kata sasa iko sehemu nne, na jina la bibi yule lipo kwenye zote, na mbele yake imeandikwa atafutwe na nani. Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe. Akaniambia, "Haya, bwana shamba, tutaona mvua ikija."

Mvua itakuja. Wenye vikundi vilivyoanza jambo hili nipigieni simu au mnifuate ofisini siku ya gulio kama kawaida, tulinganishe orodha. Wiki ijayo narudi kwenye viwavijeshi.

Tukutane shambani.